Kijito cha Mpishi

Ghala la sampuli lilikuwa chumba kirefu chenye paa la bati, rafu kumi na nne za mbao, na harufu ya vumbi la mawe ambayo Karai aliizoea kuliko harufu ya nyumba yake mwenyewe. Walimwita Karai kwa sababu ya kazi iliyomlea: kuchota mchanga wa kijito kwa karai, kuuzungusha majini taratibu mpaka ule mwepesi uende zake, na kubaki na kijiko kimoja cha mchanga mzito. Sasa alikuwa na miaka sitini na minne. Magoti yalikuwa yamegoma kuingia kwenye maji ya baridi, na kampuni mpya ilimwajiri atunze ghala.

Kampuni ilitafuta tungsteni, yale madini magumu ya nyuzi za balbu na ncha za vyuma vya kukatia vyuma vingine. Huko kaskazini, mwendo wa siku mbili toka lami ilipoishia, hakuna aliyekuwa na hakika kama yapo.

Asubuhi hiyo mtaalamu wa miamba, binti aliyelingana kwa umri na kitinda mimba wake, aliingia na daftari kuukuu lililofungwa kwa mpira.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hilo daftari umelifukua wapi?"

"Kwenye sanduku la kampuni ya zamani. Mlikuwa mnaandika vizuri." Akalifungua juu ya meza. "Vijito ishirini na tatu. Vingi havina kitu. Kimoja kina nukta kumi na tisa. Halafu hiki hapa, Kijito cha Mpishi, nukta arobaini na moja kwenye kijiko kimoja. Mwaka huu tuna ruhusa ya shimo moja tu, na tukitoka mikono mitupu kambi inafungwa. Nataka mashine ya kuchoronga iende hapo Jumatatu."

Dereva, aliyekuwa ameegemea mlango akipuliza chai yake, akacheka. "Mpishi wa nani huyo? Au kijito chenyewe kinapika?"

"Alikuwa mke wangu," Karai akasema.

Dereva akateremsha kikombe. "Nisamehe, baba. Mdomo wangu huu."

"Wala usijali. Yeye angecheka kukushinda."

Mtaalamu aliomba sampuli ya kijito hicho aione, kisha akatoka kupiga simu. Karai akabaki na daftari. Mwandiko ulikuwa wake, wa miaka thelathini na moja iliyopita, herufi zimesimama wima kama watoto kwenye gwaride.

Wakati ule kambi ilikuwa mahema matano. Kila mchana walikausha mchanga wao jikoni, juu ya bati la moto, kisha wakajifunika mablanketi mawili mazito, kwa kuwa mkuu wa kambi hakuwa na subira ya kungoja giza. Ndani ya blanketi waliwasha taa ya zambarau. Jiwe lenye tungsteni, ambalo juani huwezi kulitofautisha na chumvi ya mawe, chini ya taa ile huwaka buluu. Kazi ilikuwa kuhesabu nukta zinazowaka na kuandika.

Mpishi alikuwa msichana asiyevumilia uchafu. Mifuko ya kitambaa ya kubebea mchanga ilimkera, na siku moja, bila kutumwa na mtu, aliifua yote kwa sabuni mpya ya unga iliyokuja na gari la mahitaji.

"Matope yenu hayaingii tena jikoni kwangu," aliwaambia, akianika. "Mkitaka kukausha mchanga, njooni kama watu."

Kesho yake walipima kijito cha mwisho, kile alichokuwa akichotea maji ya kupikia. Chini ya blanketi mchanga uliwaka kama anga. Mkuu wa kambi alipiga kelele za furaha, akaagiza Mpishi aitwe aone mali ya mto wake. Akaingia, anakunja pua kwa joto la vichwa vitatu.

"Ndiyo haya mnayatafuta? Mbona mnahangaika hivyo, na yamejaa tele?"

Mkuu alipotoka kwenda kuandika jina la kijito kwenye ramani, Karai na Mpishi walichelewa kidogo humo ndani. Hapo ndipo alipomshika mkono kwa mara ya kwanza. Wiki hiyo hiyo barua ilifika: bei ya madini imeanguka, vunjeni kambi. Sampuli hazikufika maabara yoyote; zilibaki kwenye mifuko yake mpaka kampuni mpya ilipozirithi.

Miaka saba iliyopita, kwenye kambi nyingine, Karai alimulika mchanga na mwanga ukagusa kola ya shati la mfanyakazi mwenzake, lililotoka kufuliwa kwa sabuni ya unga. Kola iliwaka buluu. Buluu ile ile. Akaizima taa.

Aliporudi nyumbani alimkuta mkewe anakunja nguo. "Siku wakianza kuchimba mto wangu," mkewe alisema, kama alivyosema kila mwaka, "nataka kiti cha mbele."

"Kiti chako kipo," Karai alimjibu, na lile neno lingine akalimeza. Mwaka juzi alimzika nalo likiwa bado kifuani.

Sasa angeweza kuendelea kunyamaza. Mchanga wa zamani ni mchanga wa zamani, nani angemuuliza? Wajukuu walijua kuwa bibi yao ana mto. Lakini aliutazama mlango, akamwona yule binti nje, anatembea huku na huku na simu sikioni, anawaahidi wakubwa zake shimo lenye heri. Akapiga moyo konde, akaenda rafu ya tisa na kuushusha mfuko wa kitambaa wa Kijito cha Mpishi.

"Mwanangu," alisema binti aliporudi, "lete taa. Na blanketi."

Walipoangalia, nukta zilikuwepo, nyingi. Karai alimimina mchanga kwenye karai dogo, akaongeza maji, akaanza kuzungusha. Mikono ilikumbuka yenyewe. Vumbi jeupe na nyuzi za kitambaa zilielea, zikamwagika. Akakausha kilichobaki kwenye jiko la chai, wakajifunika tena.

"Mbili," binti akasema baada ya muda mrefu.

"Mbili. Zile nyingine zilikuwa sabuni. Mifuko ilifuliwa, haikusuuzika vizuri, na sisi tulikuwa na haraka ya kufurahi."

"Umejua lini?"

"Miaka saba sasa."

"Na hukusema."

"Hakuna aliyeuliza. Na mwenye kijito alikuwa hai."

Binti hakumlaumu. Alifungua daftari, kidole kikashuka taratibu. "Hiki chenye kumi na tisa, chini ya mlima wa magharibi?"

"Hicho nilikipima kabla ya sabuni kufika. Mifuko ilikuwa michafu hasa."

Hapo wote wawili walicheka, Karai zaidi. Binti akahamisha alama yake ya penseli kuelekea magharibi, kisha akasita. "Jina la kijito nitaliacha. Maji bado yanapita pale."

"Ahsante. Nina ombi moja. Niachie taa dakika tano."

Alipobaki peke yake, Karai aliuchukua ule mfuko mtupu, akajifunika blanketi, akawasha. Mishono yote iliwaka. Kwenye pembe mbili, mahali anaposhika mtu anayefua na kusugua kwa nguvu, mwanga ulikuwa umekolea, umekaa nukta nukta. Akaanza kuhesabu, kwa mazoea.

"Mzee," dereva aliita kutoka mlangoni, "umelala humo?"

"Nahesabu," Karai akajibu, na kwa kuwa alikuwa amepoteza hesabu, akaanza upya.