Waliozaliwa Januari Mosi

Saa nane na nusu mchana Kwamboka alinitumia orodha ya watu wetu walionyimwa vitambulisho akisema imekamilika: watu mia moja sabini na mmoja. Mimi nilikuwa nimempa mia mbili na kumi na wawili. Ofisi ya vitambulisho ilikuwa inafunga maombi saa kumi kamili, na asiyekuwemo hangeitwa kusikilizwa. Nafasi hiyo tulikuwa tumeipigania miaka kumi na tatu.

Kwamboka ni msaidizi wangu wa mtandaoni. Yuko Keroka, mimi niko Garissa, hatujawahi kuonana. Nilimwajiri kwa sababu vidole vyangu havijui kompyuta: mimi namtumia sauti kwa simu, yeye anaandika. Kwa wiki tatu alikuwa amenitendea haki kuliko makarani wote walionifukuza madirishani mwao tangu nikiwa na nywele nyeusi.

Nikampigia. Nikamuuliza watu wangu arobaini na mmoja amewapeleka wapi.

"Walikuwa wamejirudia, mzee. Jina moja, tarehe moja ya kuzaliwa. Nikawaondoa."

Wamejirudia! Wale Abdi Hassan watano wa Kutulo ni wanaume watano, kila mmoja na wake zake na ngamia wake. Kwetu mtu ana jina lake, la babake na la babu yake, na majina ya mababu ni yaleyale. Na tarehe? Mwaka tulioandikishwa, karani tuliyeletewa na serikali hakuwa na subira ya kusikia nani alizaliwa mvua gani, nani ukame gani. Akatuandika wote Januari mosi. Baba yangu Januari mosi, mimi Januari mosi. Walitufanya pacha kwa uvivu wao, na leo tunafutwa kwa sababu ni pacha.

Nilimwambia hayo yote, na si kwa sauti ya chini.

"Jumatatu nilikuuliza majina yanayofanana niyafanyeje," akasema. "Ukaniambia niandike tu, nisikuletee maswali ya kikarani."

Sauti hiyo ilikuwa bado kwenye simu yangu. Sikuhitaji kuisikiliza. Nilikumbuka.

Hakungoja niombe radhi. Alieleza kwamba fomu inakataa mistari miwili inayofanana, hata akiwarudisha watatupwa tena. Lakini kulikuwa na nafasi ya jina la mama. Je, nawajua mama zao?

Nawajua. Nilizunguka uani juani nikiwataja mmoja mmoja. Bulle wa Wajir, mama Istahil. Bulle mwingine, mama Shamso. Safari hii aliuliza kila kitu, nami nikajibu kila kitu. Mtandao ulikatika mara mbili. Mara ya pili nilipanda juu ya tangi la maji, kiatu kimoja kikabaki chini.

Saa kumi kasoro dakika sita tulibakiwa na mmoja, Maka Abdi Olow wa Diff. Mama yake alikufa nikiwa kizuizini kwa madai haya haya, na jina lake sikuwahi kulisikia. Nilipiga Diff, simu haipatikani. Nikamwachia ujumbe: nitajie jina la mama yako kabla ya saa kumi. Nikapiga tena.

"Andika Fartun," nikamwambia Kwamboka. "Andika lolote."

"Siandiki."

"Binti, mimi ndiye niliyekuajiri."

"Ndiyo. Na siku wakimuuliza mama yako nani, atasema la kweli na fomu itasema Fartun. Watamwita mwongo. Umenisimulia mara ngapi, mzee, wanavyowaita waongo?"

Nilitamani kumfukuza kazi palepale. Nikatazama saa.

"Tuma," nikasema.

Mstari wa Maka ulikwenda na nafasi tupu. Jibu likarudi baada ya dakika moja: wamepokelewa mia mbili na kumi na mmoja. Maka hakuwemo.

Kwamboka aliniandikia akiuliza kama yeye ndiye amjulishe Maka. Nikamkatalia.

Saa kumi na dakika ishirini simu ikalia. Alikuwa Maka, ametoka kunywesha mbuzi kisimani, anahema. Hata salamu hakutoa, aliniita tu adeer, yaani ami.

"Weris, adeer. Mama yangu aliitwa Weris. Nimewahi?"

Nikamwambia hapana. Kisha, kabla hajauliza, nikamwambia aliyekosea ni mimi.