Ruhusa ya Hamdiya

Tangu asubuhi ile Hamdiya alipomnong'oneza jikoni kwamba miezi miwili imepita hajaingia mwezini, Nasriya hakukaa akatulia. Akikaa huinuka, akiinuka husahau alichoinukia. Ulikuwa mwaka 1968, wa tatu tangu waje Matrah, bandari ya Waarabu, kutoka Unguja. Nasriya alikuwa mkunga wa kusomea, amezalisha wanawake mia na ushei, lakini mimba hii ilikuwa ya mdogo wake.

Hamdiya alikuwa na moyo mbovu tangu utotoni. Uzazi wake wa tatu, kule Unguja, midomo ilimgeuka zambarau, pumzi ikakata, wakamrejesha kwa taabu. Daktari wa huko akasema mwengine asibebe. Kisha mumewe, Amur, akaja likizo kutoka kazini Kuwait, akarudi, na mimba ikabaki.

Walikwenda kwa Daktari Noronha, Mgoa aliyewahi kufanya kazi Mombasa, mwenye kliniki ndogo nyuma ya soko. Alimsikiliza Hamdiya moyo kwa muda mrefu mno.

"Hatafika miezi tisa," alimwambia Nasriya kwa Kiswahili.

"Basi mtoe."

Daktari alivua miwani. "Mombasa palikuwa na kitabu cha sheria. Ikiwa ni kuokoa roho ya mama, unafanya. Bombay ni hivyo hivyo. London wamefungua zaidi mwaka huu, madaktari wawili wakitia sahihi, basi. Hapa nioneshe kitabu, sista. Nikishitakiwa, kadhi atasema nini? Wewe unajua?"

"Sijui."

"Wala mimi. Nileteeni idhini ya mume, na karatasi ya sheikh."

Nje, Hamdiya aliegemea ukuta akitweta. "Kwa hiyo ningekuwa Bombay ningepona," alisema. "Na moyo ni huu huu, dada."

Bombay yenyewe haikuwa ya kufikirika. Kibali cha kusafiri kiliweza kuchukua miezi, na Hamdiya alikuwa hapandi ngazi tatu bila ya kupumzika. Nasriya alikimbilia kumpelekea Amur simu ya maandishi Kuwait. Jibu lilikuja kesho yake: MAMA WA WATOTO KWANZA. FANYENI.

Adhuhuri ile jirani yao Mahbuba aliingia na kifurushi cha mizizi chini ya buibui. "Chemsha, anywe, mambo yaishe. Masheikh wa nini?"

Nasriya alikipokea. Alikishika akazunguka nacho nyumba nzima, akakiweka, akakishika tena. Akamkumbuka mwanamke mmoja wa mtaa wa Ng'ambo, kule Unguja, aliyeletwa kwake akiwa keshakunywa mizizi kama ile, na godoro lililolowa damu likatupwa siku ile. Akatoka uani, akakitia motoni.

Sheikh Aflah, wa msikiti wa mtaani kwao, alimpokea barazani kwake ghorofani, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama ni shina, mimba ni tawi," alisema. "Shina halikatwi kuokoa tawi. Na siku mia na ishirini, za mimba kutiwa roho, hazijatimia. Halina ubaya."

"Basi tuandikie, sheikh."

"Mdomo nnao, mwanangu. Kalamu siwezi. Karatasi hufika isikotumwa. Kesho itakuwa mkononi mwa asiye mgonjwa, keshokutwa mbele ya wakubwa, niulizwe nani kanipa madaraka."

Nasriya alirudi amefura kwa hasira. Mmoja ana mkono lakini anataka karatasi. Mwengine ana neno lakini hataki kuliandika. Na siku zinakwenda. Alimweleza Hamdiya hayo huku akipanga vyombo ambavyo alikuwa keshavipanga.

Asubuhi Hamdiya alivaa buibui lake. "Nipeleke kwa huyo sheikh."

"Huwezi kutembea."

"Ndiyo maana n'ende."

Walipumzika mara nne njiani. Ngazi za Sheikh Aflah zilikuwa kumi na mbili, na kila moja ilisikika kule juu. Hamdiya alipofika alishindwa hata kutoa salamu. Alikaa chini, mkono kifuani, akitweta, mzee akimtazama.

"Sheikh," alisema hatimaye, "hiyo ndiyo pumzi yangu. Nna watoto watatu. Wewe unaogopa kuulizwa, daktari anaogopa kushitakiwa, na mimi naogopa kufa. Nani kati yetu apunguze woga?"

Sheikh Aflah aliinuka. Kisha akachukua bakora, akavaa viatu, akawatangulia kushuka.

Kliniki alikaa kwenye benchi, mbele ya wagonjwa wote. "Daktari, karatasi sikuleta. Nimejileta mwenyewe. Atakayeuliza, mwambie Aflah alikuwepo, aje kwangu."

Daktari Noronha alimtazama mzee, akamtazama Hamdiya, akaenda kunawa mikono. Nasriya alimsaidia kuitoa ile mimba.

Watu waliuliza, ndiyo. Msikitini walimzunguka sheikh, na sheikh akawajibu, mwezi mzima, mpaka wakachoka. Hamdiya aliamka, akala uji, rangi ikamrudi kidogo kidogo. Amur alikuja kutoka Kuwait, akakaa kitandani pake, akamshika mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Lakini kila alasiri Hamdiya alilia. Nasriya alikuwa akiingia na kutoka, mara leso, mara maji, mara dirisha lifunguliwe.

"Usilie, mambo yameshapita," alimwambia siku moja.

"Nalia, dada, na sijuti. Usinikataze moja kwa ajili ya jengine."

Nasriya hakumkataza tena.