Kifua cha Digory na Dawa ya Quelch

Loveday Nankivell alikuwa mpanga herufi wa gazeti la Te Rimu, mji wa machimbo ya dhahabu ambako mvua hunyesha mpaka kuku wakasahau kuchakura. Mkono wake uliopanga matangazo ya vifo ndio uliotunga mashairi ya kuchekesha ya Dawa ya Kikohozi ya Quelch. Wakala wa dawa hiyo alikaa Wellington, mji mkuu, na kila wiki alitaka beti mbili mpya. Alikuwa na masharti matatu tu: beti ianze kama habari, ichekeshe, na mwishoni mgonjwa apone. Ilichomekwa katikati ya habari zenyewe, baina ya mnada wa kondoo na ajali ya gari la farasi, ili msomaji anase kabla hajajua kuwa ametegwa. Mafuriko yalipozoa daraja, watu wa Te Rimu waliamka wakasoma:

*Daraja limeanguka, mto umelichukua,*
*Diwani akatamka, "Kamati itaamua."*
*Kifua kikikushika, Quelch upesi nunua!*

Walicheka wiki nzima, diwani naye akacheka, ingawa kwa upande mmoja wa mdomo.

Beti zilizopendwa kuliko zote ni zile zenye jina la mtu wa mjini. Mtu hakutajwa bila ridhaa yake. Alitia saini karatasi ya wakala kwamba dawa imemponya kweli, akapewa chupa ya bure, na Jumamosi akanunuliwa bia na kila mtu. Walikuwapo waliomfuata Loveday hadi mlangoni pa ofisi kumwomba awacheke gazetini. Binadamu bwana, akikosa heshima huridhika na jina.

Hivyo ndivyo mdogo wake Digory alivyoingia. Digory hakuwa na mke. Alikaa na dada yake katika nyumba ya mbao nyuma ya kanisa la Wamethodisti. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameshika ile mashine ya kutoboa miamba ambayo wachimbaji wenyewe waliiita Mfanya Wajane, maana vumbi lake lilikuwa jeupe na laini kama unga, nalo lilikaa kifuani lisitoke. Alikohoa, lakini nani hakukohoa Te Rimu? Yeye mwenyewe ndiye aliyemwomba dada yake amtunge, na dada hakuona ubaya. Alimpa karatasi, akamwonyesha kwa kidole mahali pa kutia saini.

*Digory alikohoa, majogoo wakawika,*
*Dadaye pamba katoa, masikioni kaweka,*
*Mchungaji kakohoa, hotuba ikakatika,*
*Ya Quelch ikamwokoa, kikohozi kimetoka!*

Beti hiyo ilichapwa katika magazeti tisa. Kinyozi aliibandika ukutani. Digory akawa mtu wa maonyesho: akitokea mahali, vijana humwambia, "Hebu tupe ile ya majogoo," naye hutoa kikohozi cha mzaha, kirefu, chenye kuwika mwishoni, watu wakashika mbavu. Loveday alikuwa akimtazama na kuona fahari. Nasema hili wazi kwa sababu yeye mwenyewe hakujificha baadaye: aliona fahari.

Haukupita mwaka, mashati ya Digory yakawa yanamning'inia. Loveday alianza kukuta madoa mekundu kwenye foronya, na Digory akasema ni fizi. Kisha mzee aliyekuwa akigawa mishumaa na vifaa juu ya ardhi, kwenye mlango wa shimo, akafa. Nafasi moja ikawa wazi. Kazi ile ilikuwa ya kukaa kwenye kiti mahali pakavu, na ilipewa mchimbaji ambaye daktari wa kampuni amethibitisha kuwa kifua chake kimeharibika. Loveday alimwandikia ndugu yake barua ya maombi kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote. Alijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba Digory akibaki na mashine ile msimu mwingine wa baridi, atamzika.

Waliitwa Jumanne asubuhi katika ofisi ya mgodi. Alikuwapo meneja, Bwana Carthew, pamoja na makarani wawili, na Daktari Bellamy, ambaye mshahara wake ulitoka kwa kampuni ileile. Daktari alimgonga Digory mgongoni, akaweka sikio, akakaa hivyo kitambo. Aliponyanyuka alisema kuna sauti kidogo upande wa kulia. Kidogo! Mwenye macho aliweza kuhesabu mbavu za yule mtu kutoka mlangoni.

Bwana Carthew hakuwa mtu mkatili, na hilo ndilo lililoudhi. Alifungua mtoto wa meza, akatoa kipande cha gazeti, akasema kwamba kabla ya yote kuna jambo dogo. Akaisoma ile beti kwa sauti nzuri ya kusomea, akitua penye vina. Makarani wakaangua kicheko. Digory naye akacheka. Alikuwa ameizoea mno hata mwili ulitangulia akili.

"Tupe basi ile ya majogoo," karani mmoja akasema.

Akatoa. Loveday alitaka kumshika mkono lakini alikuwa amechelewa. Kikohozi cha mzaha kilianza juujuu, kikashuka, kikakamata kile cha kweli kilichokuwa kimelala chini, na vyote viwili vikatoka pamoja, Digory amejikunja, ameshika ukingo wa meza. Wakazidi kucheka. Daktari peke yake hakucheka. Digory alipojifuta, aliikunja leso haraka na kuitia mfukoni, kama mtu anayeficha sigara mbele ya baba yake.

Loveday akasimama. Akasema beti ile ni uongo, ameitunga mezani akila viazi, ndugu yake hajapona hata siku moja, na saini ni yeye Loveday aliyemwambia aitie.

"Dada Nankivell," meneja akasema kwa upole, "juzi ulidanganya upate mkate wako. Sasa nitajuaje kama leo hudanganyi upate wake?"

Hakungoja jibu. Akamgeukia Digory, akamwonyesha ile karatasi ya wakala, maana alikuwa ameiomba kutoka Wellington. Akamuuliza kama mkono huo ni wake, na kama alitia saini jambo asiloliamini.

Hapo ndipo palipokuwa pa kuokoka. Neno moja tu lilitakiwa: nilidanganya. Lakini watu wa kanisa lile walilelewa wakijua kwamba jina la mtu chini ya karatasi ni kama kiapo, na anayelikana hupoteza kiti chake kanisani na uso wake mjini. Baba yao aliwahi kulipa deni la mwenzake kwa miaka sita kwa sababu ya saini. Digory alimtazama dada yake, akaitazama karatasi.

"Ni mkono wangu, bwana," akasema. "Sikusema uongo. Siku ile nilikuwa nimepata nafuu."

Nafasi ya mishumaa akapewa mpwa wa mmoja wa makarani, kijana aliyevunjika kidole.

Daktari Bellamy alimfuata Loveday hadi kwenye veranda, akahakikisha mlango umefungwa. Akamwambia chini chini kwamba mapafu ya ndugu yake yamekuwa jiwe, kwamba akiendelea shimoni hatafika Krismasi, na kwamba akitolewa leo huenda akapata mwaka, labda miwili. Loveday akamuuliza kwa nini hakuyasema hayo mle ndani. Daktari akavaa kofia yake. Mwoga akiwa na elimu ni mbaya kuliko mjinga, kwa kuwa yeye huweza kukueleza kwa ufasaha jinsi unavyouawa.

Digory hakuambiwa. Jumatano akashuka shimoni, Alhamisi akashuka, na dada yake akampikia uji asubuhi bila kumtazama machoni. Ijumaa, alipokuwa akipanga ukurasa wa tatu, Loveday aliona pengo la beti ya Quelch chini ya habari za mnada. Mhariri, Bwana Hosking, alikagua habari zote isipokuwa zile beti, maana alipenda kuzisoma mara ya kwanza gazetini kama watu wengine, acheke na chai yake. Loveday akapanga herufi moja moja, bila kuandika kwanza kwenye karatasi:

*Digory akikohoa, damu ndiyo yamtoka,*
*Vumbi limemtoboa, pafu jiwe lageuka,*
*Shimoni mkimtoa, uhai waongezeka,*
*Quelch haikuokoa, Krismasi hatafika.*

Alijua atafukuzwa. Aliwaza kwamba mji ukisoma utashtuka, wachimbaji watakwenda kwa meneja, na aibu itafanya kile ambacho huruma haikufanya.

Jumamosi mji ulisoma, na mji ukacheka kuliko siku zote. Hakuna aliyeshtuka. Tangu lini mtu wa beti za Quelch akafa? Wote walielewa kuwa huo ni mwanzo wa kisa, kwamba wiki ijayo Digory atafufuliwa kwa chupa ya pili, na kwenye baa wakaanza kuwekeana dau kama atafufukia kanisani au kaburini. Bwana Hosking alimpiga Loveday begani, akamwambia amejipita mwenyewe. Simu ya maandishi ikaja kutoka Wellington: NZURI SANA. LETA BETI YA KUPONA HARAKA. Bwana Carthew, walisema, aliikata akaiweka pamoja na ile ya kwanza.

Alasiri Digory alirudi kutoka kwa kinyozi. Walikuwa wamemsomea huko, naye alikuwa ametoa kikohozi chake kama kawaida. Akaketi, akalinyoosha gazeti mezani kwa viganja, akavua kofia.

"Hii Krismasi, dada. Ni ya kweli?"

Angeweza kumwambia ni kina tu. Ulimi ulikuwa tayari, umezoea. "Daktari ndiye aliyesema," akajibu. "Jumanne."

"Kwa hiyo umenipikia uji siku nne ukijua."

"Nimekupikia nikijua."

Mvua ikapiga bati. Loveday alilia hapo waziwazi, akasema wataondoka Te Rimu, watakwenda popote, atafua nguo za watu. Digory alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamuuliza ni wapi watakapompokea mtu wa kukohoa damu na mwanamke wa miaka arobaini na mbili asiyejua kazi nyingine, na nyumba yenyewe ni ya kampuni. Hakuuliza kwa hasira. Alikuwa ameshalifikiria akiwa kwenye kiti cha kinyozi, uso umejaa povu.

"Wanangoja beti ya kupona," akasema. "Usipoiandika watakutoa, tutakosa vyote viwili, uhai wangu na mkate wako. Nipe karatasi ya wakala."

"Digory, hiyo itakuwa uongo, na wewe unajua ni uongo."

"Najua," akasema. "Ile ya kwanza sikujua. Nipe."

Akatia saini jina lake lote, polepole, kwa kalamu ya dada yake, akapuliza wino ukauke. Kisha akainamisha kichwa, akakaa hivyo muda mrefu, na Loveday hakuthubutu kumuuliza kama anaomba.

Loveday aliiandika beti kabla usiku haujaingia, birika likiwa bado jikoni, na vina vilimjia upesi kuliko wakati wowote maishani mwake. Watu walisema ndiyo ya kuchekesha kuliko zote. Digory alishuka shimoni kila siku mpaka wiki ya pili ya Oktoba.