Upepo Uliogoma

Kama kuna mtu aliyejua kugombana na upepo, basi ni mume wa fundi cherehani mmoja. Tangu wafike mtoni asubuhi hiyo alikuwa ameshauita mvivu, msaliti, tena adui wa maendeleo. Kazini walimwita Masikio, na hawakumtania: pale redioni hakuna aliyejua kunasa sauti kama yeye. Mlango ukilia kwenye mchezo, ni yeye. Mvua ikinyesha, ni yeye. Lakini siku za karibuni mambo yalikuwa yamemwendea kombo. Kazi zake zilirudishwa, mara ni kali mno, mara zinachoma masikio, na mkuu wa vipindi, binti wa juzijuzi tu, akamwambia bila kumung'unya maneno kwamba kazi hii ya kunasa sauti ya kengele za upepo ndiyo ya mwisho. Ikiharibika, atahamishiwa stoo kupanga nyaya.

"Stoo! Mimi!" alisema hata usingizini. Mkewe alijua kwamba stoo itamuua, maana mwanamume yule hakuwa na kingine cha kumfanya aamke asubuhi.

Ndiyo maana alifunika cherehani yake akamsindikiza. Kengele walizitengeneza pamoja. Mume alikata vijibomba vya chuma, vyembamba kama kidole cha mtoto, akavipiga msasa. Mke akavifunga kwa uzi wake mgumu wa kushonea mifuko, kisha wakavibeba vimeviringishwa kwenye kitambaa visigongane njiani. Wakavitundika kwenye tawi lililoinamia maji. Maikrofoni ikavishwa kofia yake ya manyoya kuzuia upepo, ikaugeuzia mto mgongo, na Masikio akachuchumaa nyuma ya jiwe, hedifoni kichwani.

"Ndege nao wamehama mto huu," alisema. "Afadhali. Wangeniharibia kazi."

Mkewe alitazama juu. Mti ulijaa ndege wadogo wa manjano, wakipigiana kelele kama wanagombea urithi. Akacheka. Mumewe alikuwa mtu wa mizaha tangu ujana.

Kisha upepo ukaja. Kengele zikalia, sauti nyembamba, safi, mwili wa mke ukasisimka. Akamgeukia mumewe amkonyeze, akamkuta amekunja uso.

"Umegoma," Masikio alisema. "Upepo umegoma, Mama Mapacha. Tazama, zinacheza tu, hazigongani."

"Acha masihara bwana."

"Masihara gani? Umezifunga mbalimbali mno. Fundi mzima!"

Taa za kijani za kinasa sauti ziliruka kila kengele zilipogongana. Masikio akazipigapiga kwa ukucha, akasema mashine nayo imeingiwa na wazimu. Hapo kicheko kikamkauka mke mdomoni. Alikumbuka birika linavyopiga mbinja jikoni mpaka maji yanakauka, na mumewe ameketi pembeni anasoma gazeti. Alikumbuka anavyoambiwa kila siku, "Siku hizi unanong'ona." Na zile kazi zinazochoma! Kumbe alikuwa akiongeza sauti nyembamba mpaka azisikie yeye, wenzake wakiziba masikio. Maskini wa Mungu. Alitamani mto umbebe, asiwe yeye wa kumwambia.

"Hebu nenda ukazitikise kwa mkono," mume aliagiza. "Nijue kosa liko wapi."

Akaenda, miguu haitaki. Angeweza kusema uzi umekatika, warudi nyumbani, mumewe apate angalau siku nyingine ya kuwa Masikio. Uongo huo ukamshinda. Akazishika kengele akazitikisa, zikalia mpaka ndege wakaruka mtini.

"Tikisa basi!" mumewe alipaza sauti.

Alikuwa anatikisa. Akatikisa kwa mikono miwili, machozi yakimtiririka.

"Kwa nguvu, mwanamke, kwani hukunywa ch..."

Hakumaliza. Alikuwa ameuona uso wa mkewe.

Akavua hedifoni. Akaja polepole, akashika kijibomba kimoja kwa ncha za vidole, mkewe akakigonga kwa kingine.

"Kinatetemeka," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na kinalia?"

"Kinalia. Vyote vinalia. Vimelia tangu upepo uanze."

Masikio akakiachia kijibomba. Mke akaanza kumfariji harakaharaka: kwamba mashine imenasa kila kitu, kwamba yeye hajawahi kusikia sauti nzuri kama ile, kwamba waipeleke vivyo hivyo na yule binti atafyata mkia. Yote yalikuwa kweli, na ukweli huo ndio uliommaliza mumewe. Kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na mwenyewe hataisikia. Akaketi kwenye matope na suruali yake ya kazi.

"Na ndege?" aliuliza.

Walikuwa wamesharudi mtini, wakiendelea na ugomvi wao.

"Wapo."

"Wengi?"

"Wengi mno."

"Wamerudi lini?"

Mke akachuchumaa kando yake, akamshika bega.

"Hawakuondoka, Baba Mapacha," alisema. "Hawakuondoka hata siku moja."

Masikio akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeelekezwa njia. Akanyoosha mkono, akazima kinasa sauti. Kisha akageuka akakaa akiusikiliza mto, maana mto, kwa sauti yake nzito, alikuwa bado anausikia.