Kichwa Kilichoshiba

Wekundu wa mmea huo si ugonjwa, mjukuu wangu, hapana. Hata mimi nilipoonyeshwa ule mmea mwekundu nilisema, huu basi tena. Mama yako akacheka mpaka machozi. "Baba, huo ndio ninaoutaka!"

Sikiliza. Kule kazini kwake kuna tumbaku zinazong'aa kijani ukiziwashia taa ya zambarau. Nyingine ameziamuru zinyamaze, ziache kung'aa. Hizo chini ya taa hiyo ni nyekundu, ndiyo rangi ya jani lenyewe. Sasa hiyo amri haitulii. Ni vipande vidogo vya kitu wanachokiita RNA, kama vibarua vya kupelekeana habari ndani ya mmea. Vinapenya seli hadi seli, halafu vinadandia mishipa inayobeba chakula kutoka kwenye majani, hao, safari.

Basi akakata kichwa cha mmea wa kijani, akakipandikiza juu ya shina jekundu, aone kama amri itapanda. Wapi! Kichwa kinang'aa kijani vilevile. Na bosi keshasema: isipopanda mpaka mwisho wa mwezi, kazi anapewa mwingine.

Mama yako akawa hali, halali. Jioni moja tuko mezani, mjomba wako, yule tunayemwita Mzururaji, akaingia anajilamba midomo. Kala kwa rafiki zake, kama kawaida. Akapitiliza chumbani. Mara akatoka mbio.

"Kitanda changu kiko wapi?"

"Sebuleni. Chumba kinapakwa rangi," bibi yako akamjibu.

"Mbona sijaambiwa?"

"Uambiwe saa ngapi? Humu habari zinakuja na sahani, na wewe kila siku umeshiba!"

Mama yako akaacha kijiko hewani. "Majani! Nimekiachia kichwa majani yake makubwa. Kinajilisha chenyewe, kitavuta nini kutoka chini?"

Kesho yake akayanyofoa yale makubwa, akabakiza machanga, yawe na njaa. Ya shina la chini hakuyagusa, ndiyo yapeleke chakula juu.

Siku ya mwisho ikafika. Bibi yako keshapakua, hakuna anayegusa. Hata Mzururaji alikuwepo, tumbo linanguruma.

"Na huyo dada akichelewa tena, nitakula hiki kitambaa," akasema.

Mlango ukafunguka. Mama yako akavua viatu. Halafu akatabasamu.

"Wekundu umeanzia kwenye mishipa. Sasa umejaa mpaka jani la juu kabisa. Bosi kaona kwa macho yake."

"Kazi je?" nikauliza.

"Ninayo, Baba."

"Haya, nawa mikono," bibi yako akasema, "chakula kinapoa."

Mzururaji alishavuta kiti. Tukakaa wote, tukala.