Shahidi Aliyefukuzwa Makongeni

Phelister Ondiek alikuwa akinywa chai, Jumatatu asubuhi, pale binti yake Winny aliposoma kitu kwenye simu kisha akaifunika mezani.

"Soma kwa sauti," Phelister alimwambia. "Mimi si mtoto wa kufichwa mambo."

Winny akasoma. Watafiti waliokuwa wakipima sakafu ya Bahari ya Hindi, mbali sana kusini mwa India, walikuwa wamepata picha ya kitu kirefu, chembamba, kilicholala ubavu kwenye kina kisichofikiwa na jua. Urefu wake ulikaribiana na wa nyambizi ya Wajapani iliyozamisha meli ya askari mwaka 1944. Tena kilikuwa karibu kabisa na mahali meli yenyewe ilipozama. Huenda ni nyambizi hiyo, walisema, na huenda ni meli ya mizigo tu. Wangerudi na kamera bahari ikitulia.

Phelister aliweka kikombe mezani. Baba yake, Phares Ondiek, alikuwa kwenye meli hiyo, mmoja wa mamia ya vijana waliopakiwa Mombasa kwenda kuwapigania Waingereza huko Burma. Phelister alizaliwa miezi mitatu baada ya meli kuzama. Sasa alikuwa na miaka themanini na moja, na alichojua kuhusu kifo cha baba yake ni barua moja ya serikali iliyosema amepotea baharini, basi.

"Endelea. Watu wanasemaje?"

Habari ilikuwa imetumwa kwenye kundi la WhatsApp la jamaa za askari wale. Wengi waliandika amina. Mmoja aliandika zaidi, na Winny akamsomea: "Naitwa Warigia. Baba yangu Ng'ang'a aliokoka siku ile. Kama nyambizi iko hapo wanaposema, basi baba hakuwa mwongo. Mimi hushona viatu soko la Kariokor. Anayetaka tuzungumze aje."

Phelister alisimama. Akaingia chumbani, akatoka, akaingia jikoni, akafungua mfereji na kuufunga bila kunawa.

"Mama, nini?"

"Hakuna."

Lakini alimjua Ng'ang'a huyo. Alikuwa amelelewa na hadithi yake. Mama yake, Dorsila, alikuwa akiishi kwa kaka yake katika nyumba za reli za Makongeni mwaka 1946, mgeni mmoja alipobisha hodi akiwa amevaa koti la jeshi. Akasema alikuwa na Phares baharini. Akasema kwamba meli ilipozama, nyambizi ilijificha chini ya watu waliokuwa wakielea, na meli za ulinzi, meli za upande wao wenyewe, zikaja zikadondosha mabomu hapohapo, katikati ya vichwa vya watu. Dorsila alikuwa anasonga ugali. Alimfukuza yule mtu kwa mwiko mpaka nje ya lango, akimwita mwongo na mchawi, majirani wakishuhudia. Serikali ilikuwa imesema mume wake amepotea, na mtu aliyepotea anaweza kuonekana. Aliisimulia hadithi hiyo kwa majivuno hadi alipokufa, na Phelister, tangu utotoni, alikuwa akicheka kila ikifika kwenye mwiko.

Siku tatu zilizofuata hakutulia. Alizunguka vijia vya mtaa wao wa Fedha asubuhi na jioni, akawa anasahau alichotoka kununua. Alimwamsha Winny alfajiri kumuuliza kama kuna ujumbe mpya. Winny akasema, "Mama, wamesema ni huenda. Huenda si ndiyo."

"Wewe huna wasiwasi kwa sababu si baba yako."

"Ni babu yangu."

"Babu ni jina. Baba ni mtu."

Alhamisi, Winny alipokwenda kazini, Phelister alivaa gauni lake la kanisani, akamwomba jirani amwitie teksi, akaenda Kariokor.

"Niaje shosh, unatafuta akala?" muuzaji wa kibanda cha kwanza akamuuliza, akiinua jozi ya viatu vya tairi. Phelister akamuuliza alipo Warigia. Akaonyeshwa mwanamke wa miaka sabini na ushei, miwani imefungwa kwa uzi, akidunga ngozi kwa msumari wa kushonea.

"Wewe ndiwe Warigia wa Ng'ang'a?"

"Ndiye mimi. Karibu mama, keti. Unataka ya ngozi ama ya tairi?"

"Sikuja kununua." Maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima yalimtoroka. "Mimi ni Phelister, binti ya Phares Ondiek. Mama yangu ndiye aliyemfukuza baba yako kule Makongeni."

Warigia aliweka ngozi magotini. Nyundo za vibanda vya jirani ziliendelea kugonga.

"Na mwiko," akasema.

"Na mwiko."

"Alikuwa na alama hapa." Warigia aligusa juu ya jicho. "Moto wa ugali. Sisi watoto tulidhani aliipata vitani."

Phelister akashika nguzo ya kibanda. Warigia akamvutia kigoda.

"Keti basi. Baba hakumlaumu mama yako. Alijilaumu mwenyewe. Alisema alianza vibaya. Alianza na mabomu."

"Angeanza na nini?"

"Na ubao," Warigia alisema. "Walikuwa wameshika ubao mmoja, wao wawili, na haukuwatosha. Baba yangu alitoka Murang'a, hakuwahi kuingia maji yanayopita magoti. Baba yako alikuwa mtu wa ziwa. Akamwambia, panda wewe, mimi nitaogelea mpaka kwa ile mashua. Akamsukuma juu, akaenda. Hapo ndipo meli ya ulinzi ikaja. Mabomu yalilipukia chini, maji yakainuka kama kilima. Aliyekuwa juu ya ubao alibaki. Waliokuwa wanaogelea, hakuna aliyebaki."

Phelister alikuwa akimtazama mdomo, kama mtu asiyesikia vizuri.

"Alikuja Makongeni kutoa shukrani," Warigia akaendelea. "Hakufika kwenye shukrani. Alirudi mara tatu, akaishia langoni. Alipoenda kuuliza ofisi ya jeshi, aliambiwa nyambizi ilifukuzwa ikazamishwa mbali, saa nyingi baadaye, na aache kuchafulia watu majina. Mtaani wakamwita Ng'ang'a Mabomu. Alikufa na jina hilo."

"Na mimi nilicheka," Phelister akasema. "Miaka yote hiyo. Nilikuwa nacheka." Akainuka, akatembea mpaka mwisho wa safu ya vibanda, akarudi akiwa analia waziwazi, watu wakimpisha. "Nisamehe. Mama yangu hayupo wa kuomba, naomba mimi."

Warigia alimshika mikono yote miwili. Ya kwake ilikuwa migumu, yenye harufu ya gundi. "Bila baba yako mimi singezaliwa," akasema. "Sijui ni nani anafaa kuomba."

Winny alipompigia mama yake simu kwa hofu saa saba, wawili hao walikuwa wanakula chapati kwenye kibanda. Phelister akamwambia, "Tafuta mchungaji. Baba yangu hajawahi kuliliwa. Sitangoja kamera ya mtu."

Ibada ilifanyika Jumapili ya pili, katika ukumbi wa kanisa pale Fedha. Jamaa walikuja kutoka mtaa wa Lucky Summer na wengine kutoka Siaya. Mjomba mmoja wa Winny akanung'unika: watamlilia vipi mtu, na hata hicho kilichoko chini ya maji hakijathibitishwa? Phelister akamjibu kwamba aliyekuwepo alishathibitisha mwaka 1946, wao ndio hawakutaka kusikia. Kisha Warigia akasimama mbele ya watu na kusimulia, akianza na ubao. Alipofika kwenye mabomu, hakuna aliyemkatiza. Mjomba yule ndiye aliyeanza kulia kwa sauti, na wanawake wakafuata.

Wiki iliyofuata ujumbe ulifika. Bahari ilikuwa imechafuka; safari ya kamera imeahirishwa mpaka mwaka ujao, na watafiti hawawezi kusema lolote la hakika.

"Mwaka ujao!" Phelister akafoka. "Waandikie nina miaka themanini na moja. Waandikie pia tuna maneno ya mtu aliyekuwa pale, Warigia atayasema yote wayarekodi. Wajue wanatafuta nini."

Winny aliandika, akatuma. Jibu halikuja siku hiyo wala kesho yake. Phelister alizunguka sebule, akachungulia dirishani, akauliza simu ina chaji. Mwishowe akavaa viatu.

"Sasa unaenda wapi?"

"Kariokor."

"Kufanya nini, Mama?"

"Kukaa," Phelister alisema, na tayari alikuwa ameshafungua mlango.