Timu Zenye Hadhi

Albina Silvanus aliisoma ratiba mara mbili, kisha akaibandua ubaoni na kwenda nayo hadi stoo ya michezo, alikokuwa Mwalimu Twaha. Hakubisha hodi. Hasira iliyokuwa imemkaa kooni tangu Oktoba ya mwaka uliopita ilikuwa imepanda tena, na safari hii hakuona sababu ya kuimeza.

"Mwalimu, Jumamosi tunacheza na nani?"

Twaha alikuwa ameinamia mpira anaujaza upepo kwa pampu ya baiskeli. "Si umesoma? Wale wa sekondari, Naipingo."

"Na Jumamosi inayofuata?"

"Sekondari."

"Na ile ya mwisho wa mwezi?"

"Albina, wewe kusoma unajua."

"Najua, ndiyo maana nimekuja. Mechi sita, na zote na watoto wa kidato cha pili. Kuna mmoja mwaka jana alilia katikati ya seti kwa sababu mpira wangu ulimpiga kifuani. Hayo ndiyo mazoezi ya kutupeleka Mtwara?"

Twaha akaendelea kupampu. Alikuwa mtu mpole wa sauti, mzuri wa kuandika barua, na mwenye kuogopa ofisi ya Mkuu wa chuo kuliko kitu kingine chochote duniani. "Tunajenga kujiamini," alisema.

Kujiamini! Albina alitamani kumnyang'anya ile pampu. Mwaka uliopita timu ya wavu ya wasichana ya Chuo cha Kilimo Mtiririko, hapo nje kidogo ya mji wa Nachingwea, ilicheza mechi kumi na nne za kirafiki ikashinda zote. Kila Jumatatu asubuhi, kwenye mstari, Twaha alisoma matokeo, na chuo kizima kikapiga makofi matatu ya pamoja. Mkuu alizipenda sana Jumatatu hizo. Aliagiza orodha ya ushindi itiwe kwenye fremu, ikatundikwa ofisini kwake pale ambapo mgeni hawezi kuikwepa.

Kisha wakaenda Mtwara kwenye mashindano ya vyuo vya kanda, na wakapigwa seti tatu kabla muuza barafu aliyekuwa nje ya uzio hajamaliza ndoo yake. Seti ya pili walipata pointi sita, nne kati ya hizo wakiwa wamezawadiwa na makosa ya wapinzani. Mwanzoni watazamaji waliwacheka. Baadaye wakaacha kucheka, wakaanza kuwapigia makofi ya huruma kila walipougusa mpira, na hilo ndilo ambalo Albina hakulisamehe. Sasa alikuwa mwaka wa mwisho. Oktoba angerudi Mtwara kwa mara ya mwisho, ama arudi akiwa mchezaji, ama amalize chuo akiwa yule msichana wa kuonewa huruma.

"Ruangwa kuna wale wanawake wa ghalani," alisema. "Pale Likunja. Wanacheza kila jioni wakitoka kazini. Walishawafunga madereva wa malori ya ufuta, wanaume watupu. Kwa nini hatuchezi nao?"

Hapo Twaha akaiacha pampu. "Sikiliza. Wale hawana ligi, hawana chuo, hawana hata jezi. Ukiwafunga, nani atakusifu kwa kuwafunga wabeba magunia? Wakikufunga, mimi ndiye nitasimama mstarini kumweleza Mkuu. Hapo faida iko wapi?"

"Faida ni kujua kucheza."

"Na tena hilo limeshapita. Walituandikia mara tatu, na tukawajibu."

"Mkawajibu nini?"

"Kwamba ratiba imejaa," Twaha alisema, akaurudia mpira wake.

Albina alitoka pale bila kuaga. Mara tatu! Timu ngumu kuliko zote kutoka hapa hadi Malolo iliomba yenyewe, kwa barua, na huyu mtu akaketi na kuikataa kwa sababu ya fremu ya ukutani. Alimweleza Fatma, aliyekuwa akimwinulia mipira na ambaye pia ndiye aliyekuwa naye chumba kimoja. Fatma akasema, "Dada, tunazinguliwa," kisha akatafuta simu yake. Mama yake mdogo alikuwa akichambua korosho kwenye ghala lile lile, na kabla ya chakula cha mchana walikuwa na namba ya Biasha, nahodha wa wale wanawake.

Biasha alisikiliza hadi mwisho bila kuguna. "Jumapili ghala halipokei mzigo," alisema. "Njooni Jumapili. Ila nahodha wenu awepo."

"Nahodha ni mimi, mama."

"Ni wewe," Biasha alisema. "Basi na wewe uje."

Jumamosi waliwafunga watoto wa Naipingo seti tatu bila, na Twaha akaandika matokeo kwenye daftari lake kwa wino mwekundu. Jumapili, bila kumwomba mtu ruhusa, wasichana wanane walipanda nyuma ya Fuso iliyokuwa inarudi tupu Ruangwa, wakakaa juu ya maturubai, wakafika Likunja nywele zikiwa nyekundu kwa vumbi. Njia nzima Albina alikuwa anamsema Twaha. Alimsema kwa pampu yake, kwa daftari lake, kwa ule upole wake wa kinafiki. Hata wenzake wakachoka.

Uwanja wenyewe ulikuwa sakafu ya saruji mbele ya ghala, pale magunia yanapopimwa. Mistari ilikuwa imechorwa kwa chokaa, na wavu ulikuwa umeshonwa na kushonwa tena kwa uzi wa magunia. Wanawake sita walikuwa wanafagia. Walifagia nusu yao, wakavuka, wakafagia na ya wageni, lakini msimu wa ufuta ndio kwanza ulikuwa unaisha na punje zilikuwa zimejaa katika kila ufa.

"Shikamooni," Albina alisema.

"Marahaba," Biasha akajibu. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, si mrefu, ila ana mabega ya mtu aliyebeba vitu vizito maisha yake yote. Aliegemeza ufagio ukutani, akachukua bahasha iliyokuwa juu ya mzani. "Kabla hatujacheza, mwanangu, nisomee hii. Soma kwa sauti, na wenzako wasikie."

Bahasha ilikuwa na muhuri wa chuo. Albina akaifungua kwa furaha ya hasira, kwa maana alijua anachokwenda kukiona: ushahidi. Akasoma kwa sauti kubwa, kama mtu anayemsomea mwingine mashitaka.

"'Tunashukuru kwa mwaliko wenu wa tatu. Hata hivyo, tunapenda kuwajulisha kuwa timu yetu hucheza na timu zenye hadhi inayolingana na ya chuo. Kwa sababu hiyo tunawaomba msiandike tena. Tunawatakia kazi njema ya ubebaji.'"

"Endelea," Biasha alisema. "Chini hapo."

Chini hapo paliandikwa Albina Silvanus, Nahodha. Juu ya jina kulikuwa na saini. Ilikuwa ni ile saini yake ya herufi A yenye mkia mrefu, aliyoibuni kidato cha tatu na kuijaza daftari zima mpaka mkono ukaizoea.

Alikumbuka vizuri, na ndilo lililomuumiza. Kila mwisho wa mwezi Twaha alimletea rundo la karatasi: fomu za usafiri, maombi ya mipira, barua. Alikuwa anazisaini juu ya tangi la pikipiki ya mwalimu, mbio mbio, anawahi kipindi. Aliipenda ile saini yake. Hakuwahi kuuliza inakaa chini ya maneno gani.

Akafungua mdomo kusema kwamba barua hiyo kaiandika Twaha. Ulikuwa ukweli mtupu. Lakini wale wanawake sita walikuwa wanamtazama, mmoja wao akiwa bado ameshika chokaa aliyochorea mstari wa wageni, naye akairudisha barua ndani ya bahasha.

"Barua ya kwanza ya kuwaalika, mwenyekiti wa mtaa ndiye alituandikia," Biasha alisema. "Ya pili hivyo hivyo. Hii ya tatu niliandika mwenyewe kwa mkono wangu, siku mbili nzima, kwa sababu niliambiwa nahodha wenu ni binti. Nikasema binti mwenzangu atanielewa." Hakupaza sauti. "Ilipokuja hiyo, nikawasomea hawa hapa hapa. Sasa nilitaka waisikie kwa mdomo wenye saini. Haya, tucheze."

Wakacheza, kama ile unaweza kuiita kucheza. Albina alikuwa na hasira ambayo haikuwa tena na pa kwenda. Nusu saa tu iliyopita ilikuwa na jina na pampu ya baiskeli, sasa ilikuwa imegeuka inamtafuna mwenyewe, na aliupiga kila mpira kama anayetaka kuupasua. Mipira ikatoka nje. Zaidi ya hapo, viatu vyao vya raba viliteleza juu ya zile punje za ufuta, kila aliyetaka kuruka mguu ukamkimbia. Wanawake wa ghalani walikuwa pekupeku, vidole vimeshika saruji. Walipokea kila kitu. Biasha hakuruka sana, alikuwa tu pale mpira unapofika, na akiupiga unaenda pale ambapo hakuna mtu. Seti ya kwanza ishirini na tano kwa tisa. Ya pili ishirini na tano kwa kumi na moja.

"Vueni viatu," Biasha aliwaambia wakati wa kupumzika, anakunywa maji kwenye kopo. "Niliwaona tangu mwanzo, nikangoja mwone wenyewe."

Wenzake wakamtazama Albina. Chuoni walikatazwa kucheza pekupeku, Mkuu alisema ni mambo ya kijijini. Albina akaketi chini, akavua raba zake, akazipanga pembeni ya mstari. Saruji ilikuwa ya moto. Wengine nao wakavua.

Seti ya tatu walifungwa pia, ila kwa ishirini na tano kwa kumi na tisa, na hakuna hata moja kati ya hizo kumi na tisa waliyopewa bure. Kwenye pointi ya kumi na saba Albina aliruka, akamwona Biasha ameshajipanga kuzuia, na badala ya kupiga kwa nguvu akaugusa mpira kwa ncha za vidole, ukaanguka nyuma ya yule mama. Biasha aligeuka akautazama pale ulipoangukia. "Hiyo nayo unayo," alisema, kwa sauti ile ile aliyosemea barua, na Albina akahisi machozi yanamjia, ya hasira na ya kitu kingine alichoshindwa kukipa jina.

Wakati wa kuondoka alimrudishia bahasha kwa mikono miwili. "Nisamehe, mama. Niliisaini bila kuisoma."

"Kaa nayo," Biasha alisema. "Mimi nimeshaichoka."

Jumatatu asubuhi, mstarini, Twaha alifungua daftari lake. Akasoma kwamba Jumamosi timu ya wavu ya wasichana iliishinda sekondari seti tatu kwa bila. Mkuu akatabasamu, chuo kikapiga makofi matatu.

"Mkuu," Albina akasema, akatoka mbele bila kuitwa, "kuna matokeo mengine. Jumapili tulicheza Likunja na timu ya wanawake wa ghalani. Tumefungwa seti tatu bila. Tisa, kumi na moja, kumi na tisa." Kisha, kabla mtu hajamzuia, akatoa bahasha mfukoni akaisoma barua yote, na alipofika kwenye "kazi njema ya ubebaji" hakupunguza sauti. Kuna wanafunzi waliocheka, wakaona hakuna anayecheka nao, wakanyamaza. Wengi wao wazazi wao walibeba magunia hayo hayo.

"Hapa tunampigia makofi aliyeshinda," alisema. "Jana walioshinda ni wao."

Fatma akapiga makofi, moja, mbili, tatu, peke yake. Kisha safu ya nyuma, kisha wote.

Tabasamu la Mkuu lilikuwa limekwisha. "Barua hiyo," aliuliza polepole, "imeandikwa na nani?"

Twaha alikuwa anatazama viatu vyake. Jasho lilikuwa limemtoka usoni na jua bado halijapanda. Albina alimtazama kwa muda, na hasira yake yote ya njia nzima ya Ruangwa ilikuwepo, haikupungua hata chembe. Angeweza kummaliza pale pale kwa neno moja.

"Mwandishi atajitaja mwenyewe akitaka," alisema. "Saini ni yangu."

Twaha akalifunga daftari. "Niliandika mimi, Mkuu," alisema hatimaye, kwa sauti ambayo safu ya mbele tu ndiyo iliyoisikia.

Mkuu akageuka kwa mmoja, akageuka kwa mwingine. Albina hakumngoja. Alitoa karatasi nyingine, aliyoiandika usiku kwa mkono na kuirudia mara nne: barua kwa Biasha na wenzake, ya kuomba radhi, na ya kuwaomba wacheze na chuo kila Jumapili hadi Oktoba, Likunja na Nachingwea kwa zamu. Chini kulikuwa na A yenye mkia, na pembeni yake nafasi ya saini ya Mkuu wa chuo.

Mkuu, aliyetaka tu mstari uishe, akaipokea, akatoa kalamu mfukoni mwa shati, akatafuta ile nafasi.

Albina akauweka mkono wake juu ya karatasi.

"Isome kwanza, Mkuu," alisema. "Tena kwa sauti."